Mwanga wa Fundi Saa

Jumatatu asubuhi umeme ulikatika, na fundi saa hakuhangaika na mshumaa. Wiki ya pili sasa alikuwa wa manjano kuanzia macho hadi kucha, na tangu juzi manjano hayo yalikuwa yakitoa mwanga. Kibanda chake hakina dirisha, lakini skrubu ndogo kama punje ya ufuta aliiona bila taabu. Wateja walijaa. Muuza nyama wa jirani alikuja na gazeti lake, akalisomea hapohapo.

Mkewe tu ndiye hakufurahi. "Unawaka, sawa, lakini chakula huli! Twende hospitali."

Hospitali nako giza. Daktari akaandika vipimo vya ini kwa mwanga wa mgonjwa mwenyewe. "Ukiacha vidonge vya kifua kikuu, unatumia dawa nyingine?"

"Hapana," fundi akasema, na hakuona kama amedanganya. Majani aliyochemshiwa na mama yake, vikombe viwili kwa siku, machungu ajabu, hayakuwa dawa. Mama akikupa kikombe, unakunywa.

Kesho yake mama mwenyewe akatinga kwa daktari, chupa ya chai kwapani, kifua mbele. "Msijisifu bure. Aliyemng'arisha mwanangu ni mimi na majani yangu!"

Daktari akafungua chupa, akanusa. "Mama, haya pamoja na vile vidonge vinaliunguza ini lake. Mwezi mmoja zaidi, utamzika."

Bibi wa watu alilia kwa sauti. Akamwaga chupa yote kwenye sinki, akaisuuza mara tatu. Daktari akasimamisha vidonge, baadaye akabadilisha. Fundi akafifia siku hadi siku, huku akila: kwanza supu, kisha sahani yake, kisha na ya mkewe.

Alipozimika kabisa ilikuwa saa nne asubuhi, umeme bado haujarudi, na kibanda kikawa giza totoro. Mkewe akapiga vigelegele. "Simwoni! Jamani, mume wangu simwoni!" Wakagongana vichwa, wakacheka hadi wakakaa chini, na mama mtu pembeni anapiga makofi.

Mtaa ulinuna. Muuza nyama, ambaye naye ana vidonge vyake vya presha, akamwomba mama wa fundi majani. Akanyimwa, akayanunua sokoni, fungu zima. Alhamisi bucha lake lilikuwa likiwaka vizuri, foleni mpaka barabarani. Alipokwenda hospitali kuchukua vidonge vyake, wakamuuliza kama anatumia dawa nyingine.

"Hapana," akasema, na muuguzi akamsogeza karibu na dirisha la dawa, ambapo palikuwa na giza.