Zamu Tatu za Ocaya

Tangu astaafu kazi kwenye kiwanda cha saruji, Ocaya alikuwa na muda mwingi kuliko mtu yeyote pale Bulembia, na hakuna kazi hata moja iliyokuwa ikiisha. Miaka yote ile king'ora ndicho kilichomwamsha, kikamlisha, kikamrudisha nyumbani. Sasa asubuhi ilikuja kimya, ikaketi naye barazani, na adhuhuri ikamkuta palepale na kikombe cha chai kilichopoa.

Kazi yenyewe ilikuwa moja tu: sakafu. Nyuma ya nyumba yake alikuwa amejenga chumba cha mama mkwe wake, Vasta, maana kwa desturi mkwe wa kiume halali chini ya paa moja na mama mkwe, wala hawatazamani ana kwa ana. Kuta zilikuwa tayari, mabati tayari, mlango tayari. Dirisha lilibaki wazi, lakini hilo si neno. Neno lilikuwa chini, vumbi tupu.

Vasta aliishi peke yake Bwera, miguu imeanza kumgomea. Bintiye Biira, mkewe Ocaya, alikuwa amembembeleza mwaka mzima ahamie kwao. Bibi kizee akakubali shingo upande, tena kwa sharti: vumbi linamkohoza, akilikuta atapanda gari lilelile arudi kwake. Biira alimjua mama yake. Habembelezeki mara mbili.

"Mzee, usinitie haya kwa Mama," Biira alimwambia mumewe siku alipokwenda Bwera kufunga mizigo. Yeye kwa kabila Mkonzo, mume Mwacholi. Nyumba yao ilisimama juu ya Kiswahili chao cha kuungaunga, na mambo yalikwenda. Alimwachia mchanga, mifuko ya saruji na wiki nzima.

Ocaya aliona dawa ni kurudisha utaratibu. Akaokota mkaa, akaigawa siku ukutani: zamu ya asubuhi, zamu ya mchana, zamu ya jioni. Akasimama mbali kidogo kuitazama kazi ya mkono wake, akapendezwa mno. Kumbe alikuwa amesahau jambo moja ambalo kila mtu wa zamu analijua: lililo gumu huachiwa wanaokuja.

Zamu ya asubuhi ilifagia chumba, ikaitazama mifuko, ikaona hii inataka watu wenye nguvu, ikawaachia wa mchana. Wa mchana walikuta jua kali. Wakachekecha mchanga kidogo, wakaenda kwa jirani Nobert kuazima mwiko, wakacheza ludo. Wa jioni walipofika na kukuta hakuna kilichoanza, walikasirika kwelikweli.

"Hawa watu ya asubuhi iko wavivu sana," Ocaya alinung'unika, akaenda kula. Na wote walikuwa yeye, kwenye shati lilelile. Wiki ikayeyuka hivyo.

Simu ikalia. Alikuwa Biira.

"Nyumba ya Mama iko namna gani?"

"Iko karibu."

"Karibu na nini?"

Ocaya akakohoa. Akaeleza habari za zamu, kwa fahari mwanzoni, kisha sauti ikazidi kupungua. Mkewe hakucheka.

"Ocaya, kwa kiwanda, mutu anatoka kazini kama mwenzake hajafika kumupokea?"

"Hapana. Anangoja."

"Basi ngoja. Mwenye kukupokea ni mimi, na mimi iko Bwera. Keshokutwa tunapanda gari na Mama. Amegawia majirani kuku yake yote. Unasikia? Yote."

Hilo la kuku lilimchoma. Aliona bibi kizee akirudi kwenye kiwanja kisicho na hata jogoo wa kumwamsha, kwa sababu ya mkwe aliyeshindwa na mwiko. Akaona aibu, aibu ya kweli.

Kulipokucha hakutazama ukuta wala chai. Alikoroga saruji humohumo chumbani, akijua kwamba ikishalowa haimsubiri mtu. Ila Ocaya alikuwa mtu wa kujaza mifuko. Saruji ameipakia maisha yake yote, kuitandaza hajawahi. Fundi yeyote huanzia ukuta wa mwisho akamalizia mlangoni. Yeye alianzia mlangoni.

Jua lilipopanda, Nobert alichungulia dirishani.

"Mzee, kuja! Mwenzetu Jonan ameleta ludo mpya."

Roho ya Ocaya ilishatangulia. Mguu ukainuka, ukabaki hewani. Kati yake na mlango palikuwa na sakafu mbichi, laini, inang'aa, nzuri kuliko alivyotarajia.

"Siwezi kutoka," alisema, akijishangaa mwenyewe.

Nobert akaona, akacheka hadi akashika ukuta. "Ulianzia kwa mlango! Mzee, umejifunga jela!"

"Nipe maji, wacha kelele."

Nobert akampitishia ndoo, kisha nyingine, naye akasahau ludo. Ocaya alisawazisha huku akirudi nyuma, akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbovu, mpaka akabakiwa na pa kuweka nyayo tu. Akaparamia dirisha, Nobert akamvuta kwa mabega, kisha Ocaya akainamia ndani na kufuta alama za miguu yake kwa mwiko. Magoti yalimuuma vibaya, naye alifurahi kama mtoto.

Gari lilipofika, Ocaya alikuwa amejificha nyuma ya migomba kama desturi inavyotaka. Akasikia fimbo ya Vasta ikigonga sakafu kona hadi kona, bila haraka. Kisha ikanyamaza. Bibi alikuwa amevua viatu, akiipapasa sakafu kwa nyayo.

Siku zote Vasta alisema na bintiye Kikonzo. Safari hii alipaza sauti kwa Kiswahili chake cha sokoni, ili aliye migombani asikie.

"Biira! Leta mukeka yangu. Bwera mimi sirudi."

Ocaya akauegemea mgomba, machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.