Dole Gumba la Paskazia

Tangu viwanda vya minofu vifunguliwe Mwanza nakaanga mapanki, mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kutolewa, hapa Mabatini, na harufu yake haijawahi kunichefua. Kilichonichefua ni Jumanne ile.

Mjukuu wangu Paskazia alipooza mguu mmoja utotoni, lakini mpe kisu na mahali pa kukaa, utashangaa. Mara tatu alikwenda kiwandani kuomba kazi. Mara tatu msimamizi, Josephat, alimcheka. "Dada, hapa tunakata samaki, hatuchongi magongo."

Jumanne hiyo pikapu ya kiwanda ikasimama mlangoni kwetu, dereva akaita. "Shikamoo bibi. Paskazia anatakiwa kazini, sasa hivi!"

Nikapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Nikapanda naye, maana sakafu ya kule ina utelezi, nilitaka kumshika mkono.

Kiwandani tuliwakuta wengine watatu: mzee Luhaga aliyekatika mkono, na wasichana wawili viziwi. Wote wamevishwa makoti meupe, mikunjo ya dukani bado ipo. Mama mmoja wa meza ya kukatia samaki, Getruda, akamsogezea Paskazia kreti la soda. "Kaa, mwanangu. Ukisimama utaumia." Sitamsahau mama yule.

Kisha akaniinamia sikioni. "Bibi, leo anakuja afisa wa kazi. Sheria inataka katika kila wafanyakazi mia, watatu wawe walemavu. Akiondoka tu, makoti yanavuliwa. Mwaka jana ilikuwa hivyohivyo."



Afisa akaja na chupa ya soda mkononi. Mfuko wake wa minofu ulikuwa umeshafungwa, Josephat kaushika. Alimtazama Paskazia akipitisha kisu ubavuni mwa sangara bila kugusa mfupa, akafunua daftari.

"Paskazia. Tangu Januari. Sawa."

"Naomba nione, mzee," Paskazia alisema.

"Wewe kata samaki!" Josephat alifoka.

Lakini Paskazia alikwisha kuliona daftari. Mbele ya jina lake palikuwa na dole gumba la wino.

"Hili si langu. Mimi nimemaliza darasa la saba, naandika. Naomba kalamu. Nimeanza leo."

Meza nzima visu vikasimama.

"Mpe kalamu, baba," Getruda alisema. "Au unaogopa mwandiko?"

Wanawake wakaangua kicheko. Afisa akatoa kalamu. Paskazia akaandika jina lake lote na tarehe ya siku ile, polepole, kwa mwandiko wa shule, gamba moja la samaki likabaki limeganda kwenye karatasi.

"Basi, ameanza leo," afisa alisema bila kumtazama mtu. Akachukua mfuko wake, akaondoka.

Sahihi ile Josephat hakuweza kuifuta; Paskazia alibaki juu ya kreti lake, akavuta samaki mwingine. Wale watatu walivuliwa makoti mlangoni, Josephat akiyakung'uta kana kwamba yameingia upele. Mzee Luhaga alihangaika na vifungo vya shati lake kwa mkono mmoja. Nikamfungia. "Asante, mama," alisema, akapanda pikapu ileile.

Jioni nilifua koti la mjukuu wangu. Nilimfurahia, Mungu anajua.

"Na wale wenzako?" nilimuuliza.

"Madole yao bado yamo daftarini, bibi, kama wafanyakazi."

Nikamwaga maji ya beseni.