Yaliyoshonwa Upindoni

Mimi ni fundi cherehani, na naomba nisikatizwe, maana nikikatizwa nitaanza kujitetea, na sina la kujitetea. Kanisani kwetu wananiita Mama Pini. Jina hilo nimelipata kwa sababu nikishona nabana pini midomoni, tano sita kwa mpigo, na bado naongea. Mafundi wengine wakibana pini hunyamaza. Mimi ndipo hasa ninapoanza.

Nilikuwa na tabia moja ambayo kwa miaka thelathini niliiona ya kawaida kabisa. Nikishona nguo ya mtu, namsema mwenye nguo. Cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu, ina kelele za kutosha, kwa hiyo hakuna aliyesikia kitu. Mbele za watu mimi ni Bwana asifiwe dada yangu, umependeza, watoto hawajambo? Sijawahi kumtukana mtu usoni. Tena nilijisifu kwa hilo, jamani. Mdomo wangu msafi, uchafu wote naumalizia kwenye cherehani.

Basi kwaya ikataka majoho mapya kumi na moja, rangi ya damu ya mzee, yenye kola nyeupe. Nilishona wiki mbili, na wiki mbili hizo nilisema mpaka koo likanikauka. Joho la mpishi wa shule: "Kitambaa chote hiki kwa mtu mmoja, kanisa litabaki na nini la kufunika meza?" Joho la muuguzi aliyeachika: "Waume wawili wamekimbia, huyo Yesu naye ajiangalie." Lo, nilicheka peke yangu mpaka pini zikanidondoka. La mwalimu wa kwaya: "Nywele zimemwisha, na nyimbo zimemwisha."

La mwisho lilikuwa la mke wa mwanangu. Mwanangu anafanya kazi mbali, anarudi mara moja kwa mwezi, na mkewe anaishi nami. Binti huyu ndiye anayeanzisha nyimbo, sauti yake ikitoka hata watoto wanaolia wananyamaza. Mimba mbili zimeharibika, ya pili ikiwa na miezi mitano. Sikuwahi kumwambia neno. Nilimpikia uji, nikamfariji, nikaomba naye. Lakini moyoni nilikuwa na kinyongo, na nasema wazi, nilitaka mjukuu.

Joho lake nililipinda likiwa mwilini mwake. Alisimama juu ya kigoda, mimi nimepiga magoti chini, pini mdomoni, nashona upindo kwa mkono. Nikajisemea polepole, kila nikichoma sindano: "Sauti nzuri, tumbo bure. Mungu hakosei, anajua anamnyima nani."

"Unasema nini, mama?" akaniuliza kutoka juu.

"Nahesabu pini, mwanangu."

Jumapili ile jua lilikuwa kali, madirisha yote yamefunguliwa. Kwaya ikaingia, watu wakapiga makofi kwa ajili ya majoho, nami nikaketi safu ya tatu nikijifanya sioni ninavyotazamwa. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Ubeti wa pili mpishi wa shule akageuka nyuma, kama aliyeguswa bega. Nyuma yake palikuwa na ukuta tu. Kisha muuguzi akaacha kuimba, kisha yule wa pembeni yake, mmoja mmoja, mpaka kinanda kikabaki peke yake.

Lakini hawakuwa wametulia. Midomo yao yote kumi na moja ilikuwa inacheza, bila sauti, kila mmoja kwa mwendo wake. Nimeishi na kelele za cherehani maisha yangu yote, kusoma mdomo wa mtu najua. Nikamtazama mpishi, nikasoma: kitambaa chote hiki kwa mtu mmoja. Nikamtazama muuguzi. Nikashuka kwa mmoja mmoja, na kila niliyemtazama alikuwa anasema ya kwangu, neno kwa neno. Wa mwisho sikuthubutu kumtazama.

Mchungaji akasimama, akasema labda ni joto, tuombe. Amina yangu haikutoka.

Jumatatu asubuhi mpishi akaja kwenye chumba changu cha kushonea, joho limekunjwa ndani ya mfuko. Mwanamke yule ni mcheshi, akiingia mahali unamsikia kabla hujamwona. Siku hiyo alikaa ukingoni mwa kiti kama mgeni.

"Mama Pini, sijui nina nini," akasema. "Nikilivaa joho hili nasikia nasemwa."

"Unasemwa na nani?"

"Na mimi mwenyewe. Ni sauti yangu. Inaniambia kitambaa chote hiki kwa mtu mmoja." Akajaribu kucheka. "Na kweli, angalia nilivyo. Sikuwa nalijua hilo mpaka jana."

Angesema amesikia sauti yangu mimi, ningekana, ningeapa, ningelia machozi na kumshinda. Lakini hakuna aliyenishtaki. Muuguzi alikuja mchana, mwalimu wa kwaya akaja jioni, na kila mmoja aliniambia hivyo hivyo: ni mimi ninayejisema, na ni kweli tupu. Maneno yangu yalikuwa yameingia kwao yakavaa sauti zao, na mimi nimeketi pale naonekana mama mwema wa kupokea malalamiko.

Nikafunga mlango nikachukua kiwembe. Nilipofumua upindo wa joho la mpishi, uzi ulitoka una joto, kama kitu kilichotoka mdomoni mwa mtu sasa hivi. Nikautupa chini. Nikatia uzi mpya, nikapiga magoti, nikamwambia Mungu nimekosa, sasa nitashona kwa maneno mazuri. Nikaanza kukanyaga: "Huyu dada ni mwembamba, kiuno kama..." Tak! Uzi ukakatika. Nikatia tena. "Huyu dada ana umbo la malaika." Tak! Ala! Hata cherehani ilikuwa hainiamini.

Ikabidi nikae nifikiri. Miaka yote hiyo namjua mwanamke yule, nini chema ninachokijua juu yake ambacho ni kweli? Nilikaa kitambo kirefu, na aibu ndiyo iliyonikalisha, maana mabaya yake niliyataja bila kufikiri. Mwishowe nikasema: "Hakuna mtoto aliyewahi kutoka jikoni kwake na njaa, hata yule aliyemtukana." Uzi ukaenda mpaka mwisho wa upindo bila kukatika.

Wengine nao wakayaleta ya kwao, nikafanya hivyo kwa majoho kumi. La muuguzi lilinichukua siku mbili nzima. Nilikumbuka kuwa ndiye anayewafunga macho wagonjwa wanaokufa bila ndugu, na huwaimbia kwanza. Nilikuwa nalijua hilo siku zote, ila sikuwahi kuliona lina utamu wa kusemwa. Majoho yakarudi kwa wenyewe, na wenyewe wakarudi kuwa walivyokuwa. Mpishi alianza tena kusikika kabla ya kuonekana.

Aliyebaki ni wa nyumbani kwangu.

Yeye hakuleta joho. Alilitundika nyuma ya mlango wa chumba chake, hakulivaa tena, lakini midomo yake haikuacha. Akiosha vyombo, inacheza. Akikunja nguo, inacheza. Siku ya kumi nilipita kwenye korido nikamsikia, maana sasa alikuwa anatoa sauti kidogo, ileile sauti nzuri, laini, kama anayembembeleza mtoto: "Sauti nzuri, tumbo bure. Mungu hakosei, anajua anamnyima nani." Kisha sahani. Kisha tena.

Nilichukua joho lake kwa siri, nikafumua, nikashona upya kwa mambo yote mema niliyoyajua, na ya kwake, ajabu, yalikuwa mengi kuliko ya wote. Nikamwomba ajaribu. Akalivaa kwa adabu, akasimama katikati ya sebule, nami nikamtazama mdomo. Hakuna kilichobadilika. Wale wengine nilishona nguo. Huyu nilikuwa nimeshona likiwa mwilini, na kilichoingia hakikukaa kwenye kitambaa.

Akaacha kula. Kwaya akaiaga. Wiki ya tatu, Ijumaa baada ya chakula cha mchana ambacho hakukigusa, aliniambia huku akifuta meza:

"Mama, nimemwandikia mume wangu. Nimemwambia aniache, atafute mwingine wa kumzalia. Kesho asubuhi kaka yangu anakuja kunichukua."

"Kwa nini, mwanangu? Nani amekwambia uende?"

"Hakuna. Mungu hakosei, mama." Na mdomo ukaendelea kwa yaliyobaki.

Nilimtazama alivyokonda, shingo imebaki mifupa, nikajua akitoka na maneno yale hatafika mbali. Nikajikaza kisabuni. Nikamwambia aketi.

"Hayo unayoyasema si yako. Ni yangu. Niliyasema mimi, siku ile ya kupinda joho, nikakudanganya nahesabu pini."

Mungu wangu, akanishika mkono. Macho yalimjaa huruma.

"Mama, unataka kunibebea mzigo," akasema. "Wewe hujawahi kuniambia neno baya. Wakati wa ile ya pili ni wewe uliyenilisha kwa kijiko. Usijisingizie kwa ajili yangu. Nasikia kwa masikio yangu, ni sauti yangu mimi."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Wema wangu wote wa mbele za watu ulikuwa umesimama mlangoni unanizuia nisiingie kumtoa. Ningeweza kuuacha hapo hapo. Ningebaki mama mwema, angeondoka ananiombea, na huko aendako angejisema mpaka azimike. Njia iliyobaki ilikuwa moja, na nilijua nikiipita huenda asiniite mama tena. Yeye ndiye binti pekee niliyenaye. Nampenda, na sikuwa nimewahi kumwambia.

Nikatoa mkono wangu mkononi mwake. Nikamtazama usoni, nikasema kwa sauti yangu, kavu, na ile dharau yangu ya cherehani, bila kupunguza kitu:

"Sauti nzuri, tumbo bure. Mungu hakosei, anajua anamnyima nani."

Mdomo wake ulisimama. Wiki tatu ulikuwa haujasimama, na sasa ulisimama.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena. Machozi yalinitoka lakini sikulainisha.

Akainuka, kiti kikaanguka nyuma yake. "Kumbe ni wewe!" Sauti ile iliyotoka, majirani walisikia. "Ni wewe! Wewe unajua nini juu ya tumbo langu? Ulikuwepo nilipowabeba? Uliwasikia wakicheza? Niliwapa majina wote wawili, unayajua? Na Mungu, nani amekutuma umsemee?"

"Hakuna," nikasema.

"Basi nyamaza!"

Nikanyamaza. Akaingia chumbani, mlango ukapigwa mpaka joho likaanguka, nililisikia likianguka. Nilibaki pale mezani na bakuli lake la chakula kilichopoa. Nilikuwa naogopa kuliko siku ile kanisani. Nilisikiliza korido nzima, na haikutoka minong'ono, ila kilio tu, kilio cha sauti kubwa cha mtu aliyeonewa na anajua ameonewa.

Jua lilipokaribia kuzama mlango ukafunguka. Alikuwa amenawa uso. Hakukaa karibu nami, alivuta kiti upande wa pili wa meza, akala kile chakula kilichopoa, chote, huku ananitazama. Alipomaliza akasukuma bakuli.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Ila nikwambie kitu. Maneno yale yalipokuwa na sauti yangu sikuweza kubishana nayo. Mtu atabishanaje na nafsi yake? Sauti yako naiweza." Akapangusa mdomo. "Kaka nitamwambia asije. Ile barua nitaifuatishia nyingine."

Nilitaka kumshukuru akainua kidole. Hakuwa amemaliza.

"Sasa sema jingine. Hapa, usoni kwangu. Na liwe kweli, maana leo nitakujua."

Kwenye cherehani nilikuwa nayo mengi. Pale mezani, mbele ya macho yale, niliyakosa karibu yote. Lililokuja lilikuwa dogo. "Ukianzisha wimbo," nikasema, "huwa nakunja uso watu wasione ninavyojivuna. Huwa nasema moyoni, huyo ni wangu."

Hakutabasamu. Aliinamisha kichwa, mdomo ukaanza kucheza kidogo, nami nikaogopa tena mpaka nilipoona unachojaribu kusema.

"Lirudie polepole," akasema. "Hilo nataka nilijue kwa sauti yangu."

Nikasogeza kiti, nikalirudia.