Wimbo Mpya Kwenye Zilipendwa

Qais alikuwa kwa kinyozi, mtaa wa Mkunazini, redio ilipopiga wimbo wa albamu ya kwanza ya bendi yake ya roki. Furaha ikampanda, mpaka mtangazaji aliposema, "Hicho kibao cha miaka ya sabini."

Akampigia simu hapo hapo. "Wimbo wetu huo! Tumeutoa juzi."

"Nisamehe, ndugu yangu," mtangazaji akacheka. "Lakini kuna bibi keshapiga simu, asema aliucheza harusini kwake."

Wakati wa kurekodi, Qais alihangaika sana mpaka gitaa lake likalia kama la zamani. Sasa alitamani kulivunja.

"Basi niambie," mtangazaji akauliza kwa upole, "kipi humo chenu wenyewe?"

Qais akakata simu, akamfokea kinyozi bure.