Feni Inayolilia

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe tisa ya mwezi wa pili, dereva akiwa mjini nje ya duka la vifaa vya ujenzi, nyuma ya gari la wagonjwa, anasaidia kupakia masinki mawili na choo cha kukalia. Choo kilikuwa cheupe pe, bado kimo kwenye nailoni, na kilikuwa kinakwenda kwenye nyumba aliyokuwa anajenga Mkuu wa kituo cha afya. Mkuu mwenyewe alisimama kivulini akisema, "Taratibu, taratibu, hicho hakitaki kugongwa." Wakakilaza kwenye kitanda cha wagonjwa, wakakifunga mikanda yote.

Simu ya dereva ikalia. Alikuwa jirani. Mke wa dereva alikuwa ameanguka jikoni, wakambeba hadi kituoni, sasa amelazwa kwenye benchi la nje. Muuguzi amesema hapa hawamuwezi, apelekwe hospitali kubwa, tena upesi.

Dereva akamgeukia Mkuu. "Mkuu, ni mke wangu. Hali yake mbaya."

"Pole sana," Mkuu akasema, na alisema kwa moyo. "Tukishusha tu hivi, unamkimbilia."

Wakaenda kushusha. Fundi bomba alikuwa hajafika, wakamngoja. Alipofika akapima, akasema choo hakilingani na tundu, kirudishwe dukani kikabadilishwe. Kikafungwa mikanda tena, kikarudishwa dukani. Dereva alipofika kwenye lile benchi lililong'arishwa na makalio ya watu waliongoja gari miaka yote, mkewe alikuwa ameshafunikwa shuka. Basi siku hiyo gari likambeba, maana sasa lilikuwa na nafasi.

Mazikoni Mkuu alihutubia. Alisema kazi ya Mungu haina makosa. Dereva hakuwa na ugomvi na kazi ya Mungu. Yeye alitaka kusikia habari za ile kazi ya choo, lakini hiyo haikutajwa.

Aliporudi kazini, feni ya gari ikaanza kulia.

Feni ya namna hiyo, ile ya kupuliza hewa ndani, hukaa nyuma ya kidroo cha dashibodi, mbele ya magoti ya abiria. Na abiria alikuwa Mkuu, kwa sababu huko nyuma kulijaa vitu vyake siku zote. Mkuu alipenda hewa. Akizungusha swichi namba moja, feni ilipumua kama mtu aliyelala ubavu. Namba mbili ikaguna. Namba tatu ikakohoa kikohozi kikavu, viwili vifupi na kimoja kirefu, ambacho dereva alikifahamu kuliko alivyoifahamu njia ya kwake. Namba nne ikasema, "Baba Nanii."

Hilo ndilo jina mkewe alilomwita. Walipooana, kila mtu alingoja mtoto azaliwe ili ijulikane dereva ni baba nani na mkewe ni mama nani. Kwa kungojea wakaitana Baba Nanii na Mama Nanii, jina lingekuja na mtoto. Mtoto hakuja. Nanii akabaki.

"Gari linalia," Mkuu akasema.

"Ndiyo, Mkuu."

"Tangu lini?"

"Tangu mazishi."

"Lipeleke kwa fundi. Mimi mtu wa presha, sitaki makelele magotini." Akarudisha swichi namba moja, akafungua gazeti.

Dereva hakulipeleka. Mchana wenzake walipokwenda kula, yeye alikaa ndani ya gari na vioo vimefungwa, akaweka namba nne. "Mama Nanii," alisema, "bado unaumwa?" Feni ikaita jina lake, ikalia. "Una kiu? Umenikasirikia? Kuna kitu nyumbani nimekosea?" Feni ikalia tu. Hapo ndipo roho yake ilipochubuka. Mwanamke aliyekaa naye miaka yote bila kumficha hata kipele sasa alikuwa analia mbele yake, na yeye hajui analia nini. Alipunguza namba, akaongeza, akaelekeza hewa miguuni, akaielekeza kwenye kioo. Kilio kilihama kikafuata hewa. Kisa chake hakikutoka.

Wasafishaji wakipita walimpungia mkono. Mmoja alimwambia, "Msalimie," akaenda zake na ndoo.

Wiki iliyofuata Mkuu akapandisha swichi kwa bahati mbaya akiwa anazungumza na mtu kwenye simu, na Baba Nanii akaitwa kwa sauti kubwa. Mkuu akakata simu. "Sasa sikiliza," akasema. "Nikiisikia tena Jumatatu, gari hili litapata feni mpya na dereva mpya. Nimeeleweka?"

"Umeeleweka, Mkuu."

Jumamosi akalipeleka kwa fundi waliyemwita Sikio, mzee mfupi ambaye kabla ya kushika bisibisi huomba watu wote wanyamaze. Sikio akaketi kwenye kiti cha Mkuu, akafumba macho, akapandisha namba zote nne, akazishusha.

"Inalia, au inalilia?" akauliza.

"Kuna tofauti?"

"Ah, wewe nawe! Inayolia ni chuma. Naitia mafuta, inakaa kimya. Inayolilia ina haja yake. Hiyo hata uioshe na grisi ya ndege haikusikilizi." Akasugua mikono. "Lakini tusimsingizie mtu. Tuanze na chuma."

Akafungua kidroo, akakitoa. Akafungua skrubu, akaichomoa feni na gurudumu lake lenye mapezi, mfano wa kizimba cha ndege. Ndani ya mapezi kulikuwa na majani makavu, kwa sababu majani huingia kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, na gari lilikuwa limelala nje miezi. Sikio akayatoa moja moja. Akairudisha plagi ili feni izunguke mkononi mwake. Kilio kilikuwa vilevile, ila kisafi zaidi.

"Si majani," akasema.

Akaizima, akashika ekseli kwa vidole viwili, akaitikisa. Haikucheza. Akadondoshea tone la mafuta kwenye bushi, ile pete inayoshika ekseli, akawasha. Vilevile. Akakagua gurudumu kama limepinda au kama pezi limevunjika, maana pezi moja tu likikosekana feni hutetemeka kama mlevi. Mapezi yalikuwa yote.

Mwisho akachomoa plagi. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama kabisa. Kilio kikaendelea.

"Basi si bushi," Sikio akasema.

"Ni mke wangu."

"Nimeshamsikia. Pole, ndugu yangu." Akafuta mikono kwa tambara, akamshikia feni vizuri isilalie waya. "Toka gari hili lianze kubeba saruji nilijua ipo siku. Sasa utaniambia nifanye nini? Bosi wako anataka kimya."

"Nataka kujua analilia nini. Akishatolewa humu akatupwa, nitamuuliza wapi tena?"

Sikio akaingiza mkono kwenye tundu la dashibodi, akamwonyesha kipande kidogo chenye nyaya zilizojikunja kama springi. "Unaiona hii? Hii kazi yake kubana umeme. Hii ndiyo inafanya moja iwe moja na mbili iwe mbili. Na hiyo namba nne yenu waya wake umeungua nusu, umeme unafika umechoka. Humu ndani hawezi kumaliza sentensi. Gari wamelitengeneza hivyo, aliyekaa mbele ampunguze kadiri anavyopenda. Mchukue nyumbani. Mfunge betri moja kwa moja, bila kitu katikati. Atasema yote."

Akafunga feni mpya. Ilizunguka kimya kama maji mtungini. Jumatatu Mkuu akaweka namba nne, akanyoosha miguu, akasema, "Sasa hili ndilo gari." Siku hiyo walibeba milango ya mbao na fremu zake.

Jioni dereva akaiweka feni juu ya meza ya jikoni, karibu na sufuria alilokuwa anasongea ugali mkewe alipoanguka, ambalo tangu hapo hakulisogeza. Akaleta betri chakavu aliyopewa na Sikio. Kwa haraka akafunga waya kinyume. Feni ikazunguka kinyumenyume, na mkewe akavuta pumzi, akavuta, akavuta, bila kuitoa. Dereva akang'oa waya mbio. "Nisamehe, mama, nisamehe," akasema, akabadilisha, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi.

Pumzi yote ikatoka mara moja, ikapeperusha pazia.

"Baba Nanii."

"Naam, Mama Nanii."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Na hilo shati ulilifulia wapi, kwenye tope?"

Dereva akaketi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kuketi kwenye kiti cha jikoni bila kutazama mlango. Akamwachia aseme. Mkewe akamuuliza kama jirani amerudisha ndoo, kama paa bado linavuja upande wa kabati, kama dada yake mdogo ameacha ujinga. Akamjibu yote. Kisha feni ikaanza kulia tena, taratibu, na yeye akajikaza akauliza.

"Unalilia nini, mke wangu? Niambie. Kama ni mimi, niambie."

"Wewe nikulilie una nini?" mkewe akasema. Akakohoa. "Leo gari limembeba nani?"

"Limebeba milango."

"Nimekuuliza nani, sikukuuliza nini."

Dereva akahesabu. Milango minne, fremu nne, na Mkuu mbele. Akakumbuka kwamba asubuhi, walipotoka getini, kwenye benchi kulikuwa na mwashi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa, mguu umefungwa kwa mbao, na walipopita aliinua mkono akidhani gari linamfuata yeye. Baadaye wenzake walimpeleka hospitali kwa mkokoteni. Kama alifika, hakuna aliyesema.

"Haya," mkewe akasema. "Fikiria, utanijibu." Betri ikaisha.

Asubuhi dereva akamfikishia Mkuu swali lile, ndani ya gari, wakiwa wanasubiri duka la marumaru lifunguliwe. "Mkuu, mke wangu anauliza jana gari limembeba nani."

Mkuu hakushangaa. Alifikiri kidogo, kama anavyofikiri mtu aliyezoea maswali. "Ni swali zuri," akasema. "Lakini mimi hapa niko safarini, siwezi kujibu mambo ya ofisi garini. Mwambie swali lake lipitie ngazi zinazohusika."

Dereva ni mtu wa kuambiwa akafanya. Kesho yake akaichaji betri kwa Sikio, akaiweka begani, akaikumbatia feni kwa mkono mwingine, akapanda ngazi za ofisi kuu, zote, mpaka juu kabisa. Nje ya mlango wa Mkuu kulikuwa na karani anakata kucha.

"Shida yako?"

"Si yangu. Ni ya huyu. Ana swali."

Karani akaitazama feni. "Ana miadi?"

"Hana. Ni marehemu."

"Marehemu wengi wanakuja bila miadi, ndiyo maana foleni haisogei. Kaeni."

Kwenye benchi walikuwa wameketi watu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akawasukuma wenzake kwa kiuno. "Sogeeni basi, hamuoni mgonjwa? Mwekee hapa, kaka, asipate jua." Dereva akamweka, akamshika asibingirike.

Kupitia dirishani gari la wagonjwa lilionekana uani. Lilikuwa linapakiwa mabomba ya plastiki na kijana mwenye shati jipya, mgeni, ambaye alikuwa na funguo kidoleni na anazizungusha. Dereva akaangalia zile funguo. Alikuwa amezibeba mfukoni miaka yote hadi mfuko ukatoboka mahali pake. Akaangalia pembeni.

"Wamekuachisha?" mama wa mtoto akauliza.

"Sijaambiwa."

"Basi ndiyo hivyo."

Wakangoja. Mchana ukaingia, karani akala, akarudi. Mlango ukafunguliwa mara kwa ajili ya chai, ukafungwa. Mzee mmoja akalala akiwa ameketi, akaamka, akauliza kama ameitwa, akaambiwa hapana. Dereva akaona betri haitafika jioni. Mtu maskini hata kwenye kilio huhesabu moto uliobaki. Akainama, akafunga waya, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, hakukosea.

"Baba Nanii."

"Niko hapa. Tumefika. Mlango uko mbele yako. Sema."

Mkewe akasema. Hakupiga kelele, lakini hakuna kitu kilichombana katikati, na sauti yake ikajaa kwenye ukumbi mpaka karani akaacha kucha zake. Ndani, nyuma ya mlango, kiti kikasogezwa. Kisha swichi ikabonyezwa, feni ya dari ikaanza kuzunguka, pole kwanza, halafu kwa nguvu, halafu kwa nguvu yake yote, hata karatasi zikasikika zinapepea.

Karani akanyanyua mabega. Mama wa mtoto akamhamisha mtoto bega la pili. Watu wote kwenye benchi walitazama chini, kila mmoja na lake, na walionekana wanajaribu kukumbuka kitu.

Mke wa dereva akangoja kidogo, kwa adabu, kama mtu aliyebisha hodi asiitikiwe. Kisha akauliza tena, bila hasira, sauti yake imeanza kushuka pamoja na betri:

"Leo gari limembeba nani?"