Dakika Mbili za Ijumaa

Nyumba za Kituo Namba Kumi na Saba zilikuwa saba, na zilizobaki zikitoa moshi ni mbili tu: ya mzee Seitkali, aliyeitunza reli pale miaka thelathini na moja hadi alipostaafu, na ya Kulyash, mjane mwenye ulimi mkali kuliko kisu chake cha nyama. Nyingine zilikaliwa na upepo.

Kila Ijumaa treni ya kutoka Aktobe ilisimama pale dakika mbili. Mara moja kwa mwezi, ndani ya dakika hizo, alishuka Raushan, binti pekee wa Seitkali, pamoja na mwanawe wa miaka minne, wakakaa mpaka Jumapili, treni ya kurudi iliposimama. Mzee aliishi kwa ajili ya Ijumaa hiyo. Siku nyingine alizisindikiza tu.

Basi iliposikika kwamba barabara na reli za mkoa mzima zitaboreshwa, na kwamba wataalamu watapita kuwauliza wenyeji kama treni iendelee kusimama kwenye vituo vidogo, Kulyash aliingia kwa Seitkali bila hodi.

"Siku hiyo mimi niko mjini kwa daktari wa macho," alisema. "Usije ukajitia uungwana wako huo. Waambie wazi: treni isimame. Maneno mawili. Utayaweza?"

"Kwani mimi bubu?"

"Afadhali bubu, angewaandikia."

Walikuja wawili: mhandisi Bolatbek na msichana wa makaratasi, Meruert. Seitkali hakuwa amepata mgeni tangu majira ya baridi, na furaha ilimpanda kichwani. Alikuwa na kondoo watatu, akachinja mmoja. Mgeni mwenye njaa haulizwi shughuli yake, kwa hiyo walikaa chini, nyama ikaiva, kichwa cha kondoo kikawekwa mbele ya Bolatbek, mgeni mkubwa. Bolatbek aliitazama saa yake, akakata sikio, akampa msichana aliye mdogo, kama desturi inavyotaka.

Ndipo Meruert akafungua faili. "Babu, treni isiposimama hapa mtapata shida?"

Jamani, swali lenyewe hilo! Lakini mdomo ulimwia mzito. Mtu anatafuna nyama yako, wewe umwambie nataka hiki na hiki? Ingekuwa sawa na kumdai bei ya kondoo.

"Hatuna shida, mwanangu. Kula."

Kwao kuulizwa mara ya kwanza ni salamu, mara ya pili ni heshima. Mara ya tatu ndipo mtu anaulizwa kweli, naye hujibu kweli. Hivyo ndivyo Seitkali alivyolelewa. Meruert alilelewa ghorofani.

"Kweli hamtapata shida?" aliuliza tena.

"Shida itoke wapi? Ongeza chai."

Mzee akavuta pumzi, jibu lake likiwa tayari. Meruert akatia alama kwenye karatasi, akanywa chai, akasifu nyama.

Kwenye gari Seitkali aliushikilia mlango. "Mwanangu..."

"Ndiyo, babu?"

"Njia ina mashimo. Mwende polepole."

Kulyash aliporudi alimuuliza kama amewaambia. "Hakuuliza mara ya tatu," alijibu mzee. Kulyash alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamtazama usoni, akainuka kumchemshia chai.

Kazi ilifanyika, tena kazi nzuri, tusiwaonee. Reli ilinyooshwa, na lami ikatandazwa kwa ajili ya wenyeji na watalii waendao ziwani, ila barabara yenyewe ilipita kilomita arobaini kusini mwa Kituo Namba Kumi na Saba. Treni ikawa inapita bila hata kupunguza mwendo. Mwezi wa Oktoba Kulyash alichukuliwa na mpwa wake, ukabaki moshi mmoja.

Raushan alipiga simu kila Jumatano, na mzee alipanda kilima cha tangi la maji, mahali pekee penye mtandao.

"Baba, huoni upweke?"

"Upweke nitaupatia wapi? Kulyash anakuja kila jioni, anamaliza chai yangu na masikio yangu."

Januari binti alimwambia kwamba Ijumaa watapita kwenda Kyzylorda kwa mama mkwe. "Behewa la sita, baba. Tutakuwa dirishani. Mtoto atapunga skafu nyekundu."

Siku hiyo mzee alinyoa ndevu, akavaa koti lake la kazi lenye vifungo vya shaba, akasimama kando ya reli tangu asubuhi huku theluji ikimfika kwenye vifundo vya miguu. Treni ilitokea, ikanguruma. Alihesabu: nne, tano, sita. Kitu chekundu kikapita. Alipunga mikono yote miwili mpaka behewa la mwisho likapotea, kisha akalia, maana hapakuwa na mtu wa kumwonea haya.

Alipofika kilimani simu iliita kabla hajaigusa.

"Baba..."

"Nimewaona!" alidakia. "Nimemwona mtoto na skafu yake, amekua, mashallah! Na wewe umenenepa, mwanangu. Nimefurahi."



"Baba, nimekupigia tangu alfajiri, hupatikani. Hatukupanda treni. Mtoto ana homa."

Seitkali aligeuka kuitazama reli kule chini.

"Na mama Kulyash?" binti aliuliza. "Huyo naye umemwona jana jioni?"

Mzee alikaa chini palepale kwenye theluji, na koti lake zuri.

"Kulyash aliondoka Oktoba," alisema. "Niko peke yangu hapa, Raushan. Siwezi tena."