Bastola ya Bi Hendrikje

Juzi Jumamosi mchana niliota nimepigana Vita Kuu ya Pili, na kwa kuwa mke wangu Otilia hataki kunisikiliza mara ya tatu, nawasimulia ninyi.

Kwanza mjue nilivyolala. Mimi ni Leodegar Haule, mwalimu mstaafu wa historia hapa Songea. Sista mmoja Mholanzi wa misheni yetu alinipa maandishi ya maisha ya marehemu shangazi yake, Hendrikje Terpstra, mshona nguo, aliyewaficha watu nyumbani kwake Wajerumani walipoikalia nchi yao. Aliniomba niyatie Kiswahili, wasichana wa shule wayasome.

Nikaona maisha yenyewe yamepooza. Sura baada ya sura, mama wa watu anashona tu. Basi kwenye sura ya nne nikampa bastola. Niliandika: "Mkononi mwake bastola iling'aa kama nyota ya alfajiri, wala haikubanduka humo." Nikaisoma sentensi hiyo kwa sauti mara tatu, nikajipongeza kwa sahani ya pili ya ugali na maharage, nikajinyoosha kwenye kochi.

Usingizi haujanikolea, baiskeli inabisha hodi.

"Karibu," nasema.

"Sikai," inasema baiskeli. "Bi Hendrikje anakuita. Panda."

Magurudumu yake ni ya mbao. Naiuliza kulikoni.

"Mipira waliichukua Wajerumani." Tunaanza safari, inaguna. "Nimewahi kubeba redio, vitambulisho bandia na gunia la viazi kwa mkupuo mmoja. Sikulalamika. Leo nalalamika."

Tunatoka mlangoni kwangu, na pale penye migomba ya jirani tunakuta Uholanzi. Nchi bapa, kama imepigwa pasi. Hakuna kilima hata cha kusingiziwa.

Bi Hendrikje yuko nyumbani kwake, mama mwembamba wa miaka arobaini hivi, amebana pini sita midomoni. Mkono wake wa kulia umeshika bastola. Inang'aa mpaka nafumba jicho moja.

"Mwalimu," anasema, na pini hazianguki, "hii ni yako?"

"Ni yako, Bibi. Nilikupa mimi."

"Nilikuomba?"

"Hapana, Bibi."

"Basi haibanduki. Nimejaribu sabuni, nimejaribu mafuta. Na leo askari wanapekua mtaa huu. Wakiiona watang'oa kila ubao wa nyumba hii."

"Mimi ni nyota ya alfajiri," inasema bastola, kwa sauti yangu ya darasani.

Pembeni wamesimama wazee wawili, Bwana Izak fundi saa na mkewe Roosje. Hao ndio waliofichwa. Wakati ule Waholanzi hawakusema mtu amejificha, walisema amepiga mbizi. Nilipoyasoma hayo nilidhani ni namna ya kusema tu. Sasa naona Bwana Izak anavuta pumzi, mkewe anajibana pua, wanajitosa sakafuni kichwa mbele. Chubwi! Mbao zinacheza mawimbi, kisha zinatulia.

"Na wewe jitose," ananiambia Bi Hendrikje.

"Sijui kuogelea, Bibi."

"Basi futa ulichoandika."

Karatasi zangu zimo mfukoni, ingawa nina hakika niliziacha mezani Songea. Natoa kalamu. Naitazama ile sentensi. Ni nzuri, jamani.

"Hatuwezi kubakiza hata 'alfajiri'?"

Mlango unapigwa kwa buti.

Nafuta "alfajiri", mwanga unafifia. Nafuta "nyota", nasikia uchungu kama nang'olewa jino. Nafuta "bastola", na mkononi mwake kinabaki kitu chembamba kinachong'aa. Ni sindano.

"Afadhali," anasema Bi Hendrikje.

Afisa wa Kijerumani anaingia. Kwenye tafsiri yangu, hapa nilimtungia Bi Hendrikje hotuba ya ukurasa mmoja na nusu juu ya uhuru wa binadamu. Naisubiri.

"Mna nani humu?" anauliza afisa.

"Nina kazi," anasema Bi Hendrikje.

Basi. Hotuba ndiyo hiyo.

Afisa ananigeukia mimi. "Na wewe?"

Kwa miaka thelathini na mitatu niliwaambia wanafunzi kwamba lau ningekuwako Ulaya siku hizo, ningewatemea watu hawa mate usoni. Nayatafuta mate, hayapo. Na jibu la kweli, kwamba wapo wawili, chini, karibu na mguu wa meza, linapanda kooni pamoja na maharage. Nafungua mdomo.

Bi Hendrikje amekwisha kuniona.

"Vua suruali," ananiambia.

"Bibi?"

"Si umekuja kupunguziwa suruali? Vua, nina kazi."

Navua. Nimevaa ile chupi ambayo Otilia amenisihi tangu Pasaka niitupe. Tundu lake liko mahali pabaya.

Kumbe afisa amelelewa vizuri. Anatazama ukutani, anawaka masikio. Sakafuni, sentimita chache kutoka kwenye buti lake, kiputo kimoja kinapanda, kinapasuka: puf. Hakioni, maana ameapa kutotazama upande wangu. Anafungua kabati akiwa amefumba macho, anaomba radhi kwa makoti yaliyomo, anatoka.

Naketi chini. Nalia, siwafichi.

Bi Hendrikje ameketi na suruali yangu magotini, anashona.

"Walikaa chini muda gani?" namuuliza.

"Miezi ishirini na miwili. Walitoka wote wawili, wazima."

"Na wewe, Bibi?"

"Mimi walinichukua majira ya baridi yaliyofuata. Wiki tisa. Waliniuliza majina." Anakata uzi kwa meno. "Hiyo ni sura ya saba. Umeiruka."

Ni kweli niliiruka. Ilikuwa nusu ukurasa, nikaona haina mshindo. Nilipanga nitakuja kuirefusha.

"Ni fupi kwa sababu sikuwaambia kitu," anasema. "Iache fupi."

"Nitaiacha, Bibi."

"Nilipotoka nilirudi kushona. Watu walikuwa wamechakaa nguo."

Namuuliza, kwa aibu, "Na hili la suruali, niliandike?"

"Liandike. Wasichana wacheke kidogo."

Ananirudishia suruali. Navaa mguu mmoja, kabla ya wa pili nasikia bega linatikiswa.

"Baba Benedikta, amka, saa kumi hii. Umelala kama gogo."

Nikasimama. Otilia akanitazama miguuni.

"Suruali umeipeleka kwa fundi gani?"

"Sijaipeleka popote."

Akachuchumaa, akageuza pindo. Mshono ulikuwa wa mkono, mdogo mdogo, umenyooka kama mstari wa daftari. Mke wangu ana cherehani na ana majivuno, si mtu wa kusifia kazi ya mwingine. Akaupitishia kidole mshono wote.

"Huyu anajua," akasema. Kisha akachomoa pini iliyosahaulika kwenye pindo la kushoto, akaichomeka kwenye khanga yake.